Samoni 34,000 Chini ya Bwawa: Kisa cha Mto Klamath, Septemba 2002

Wiki ya tatu ya Septemba 2002, samoni waliokuwa wakiupanda Mto Klamath, kaskazini mwa California, walianza kufa. Kufikia mwisho wa mwezi mizoga ilikuwa imetapakaa kwenye kilometa 58 za mwisho za mto kabla haujaingia bahari ya Pasifiki. Idara ya samaki na wanyamapori ya serikali kuu ya Marekani ilikadiria samaki 34,056, ikasema wazi kuwa hiyo ni hesabu ya chini. Idara ya jimbo la California, katika ripoti yake ya mwaka 2004, iliona kuwa huenda waliokufa walikuwa mara mbili ya hapo. Sehemu kubwa kabisa walikuwa samoni aina ya chinook, samaki wazima waliotoka baharini wamenona, wakielekea kutaga.

Watu wengi hukimaliza kisa hiki kwa maneno mawili: ukame na ugonjwa. Yote mawili yalikuwepo. Lakini ukikifuata hatua kwa hatua unakuta sababu kadhaa zilizokutana mahali pamoja, na kati ya hizo ni moja tu ambayo binadamu alikuwa na mkono juu yake, nayo ni kiasi cha maji kilichoachiwa kutoka kwenye mabwawa. Ndiyo maana sikubali kukiita kisa hiki janga la asili, na ndiyo maana bado kinastahili kuchambuliwa hata baada ya bwawa lenyewe kubomolewa.

Mto na mabwawa yake

Klamath ni mto wa kinyume. Mito mingi huzaliwa milimani ikiwa baridi na safi, ikafika tambarare na joto na tope. Huu huanzia kwenye ziwa Upper Klamath, kusini mwa Oregon, ziwa pana lenye kina kifupi ambalo kiangazi hupata joto na kujaa mwani. Unapita kwenye nyanda kavu za mashamba, halafu unashuka katikati ya milima na misitu ya mvua hadi baharini. Maji yake yenye taabu ni yale ya juu. Chini kidogo kidogo unaongezewa nguvu na mito mingine, Shasta, Scott, Salmon, na mkubwa kuliko yote, Trinity, unaoungana nao pale Weitchpec.

Huko juu, Bureau of Reclamation, idara ya serikali kuu inayosimamia maji ya umwagiliaji, ilipewa idhini ya mradi wa Klamath mwaka 1905. Bwawa la Link River la mwaka 1921 ndilo linaloshika maji ya ziwa. Kutoka hapo mifereji hupeleka maji kwenye zaidi ya ekari 200,000 za viazi, alfalfa, nafaka na vitunguu. Chini ya mashamba hayo kampuni ya umeme ikajenga mabwawa yake: Copco 1 mwaka 1918, Copco 2 mwaka 1925, J.C. Boyle mwaka 1958, na la mwisho kuelekea baharini, Iron Gate, mwaka 1962.

Sababu ya kujengwa Iron Gate inafaa kuelezwa, maana inaonyesha kina cha maji chini ya bwawa ni kitu gani. Copco ilikuwa ikizalisha umeme kwa kufuata mahitaji ya mjini. Watu wakiwasha taa na majiko, mitambo inafunguliwa na mto unafura. Wakilala, mto unanywea. Samaki wachanga walikuwa wakiachwa kwenye madimbwi ya kando hadi wakakauka, na mvuvi aliyesimama katikati ya mkondo aliweza kukuta maji yamempanda ghafla mbingu zikiwa hazina wingu. Iron Gate liliwekwa chini ya Copco ili lilainishe mapigo hayo. Kwa hilo lilifaulu. Lakini lilikuwa na urefu wa zaidi ya meta 50 na halikuwa na njia ya samaki kupita, hivyo likawa ndio mwisho wa safari ya samoni, kama kilometa 300 kutoka baharini. Likawa pia mahali ambapo kila mtu hupimia mto: kipimo kilichoko chini yake ndicho wavuvi, mawakili na majaji wamekuwa wakikinukuu kwa miaka yote.

Mvuvi wa mto usio na bwawa hutazama mawingu, na mvua ikinyesha juu anajua maji yatakuja. Mvuvi wa chini ya bwawa hutazama tarakimu. Namba ikishuka, anajua mikondo ya mawe itakuwa na maji ya kifundo cha mguu, na samoni watajazana kwenye vina virefu au kwenye midomo ya vijito vya baridi kama Blue Creek, wakingoja. Utawaona kwa macho, migongo imepangana, lakini ndoano hawaigusi. Tarakimu hiyo haikutoka mbinguni, aliyeiweka ni mtu ofisini, kwa sababu zake.

Samaki asiye na akiba ya muda

Kwa msomaji aliyezoea sato na sangara, samoni ni samaki wa maisha mengine kabisa. Huzaliwa mtoni, hushuka baharini akiwa mdogo, hukaa huko miaka miwili au mitatu akila, kisha hurudi kwenye mto uleule aliozaliwa. Akishaingia kwenye maji yasiyo na chumvi haendelei kula. Anapanda mto kwa mafuta aliyojiwekea mwilini, anataga mara moja tu, anakufa. Kila siku anayosimama akingoja inakula mafuta hayo, na maji yakiwa ya joto yanaliwa haraka zaidi. Maji ya joto pia hubeba oksijeni kidogo kuliko ya baridi. Kwa hiyo kumchelewesha samoni kwenye maji ya nyuzi 20 za Selsiasi ni kumdhoofisha mwilini hata kabla ugonjwa haujafika.

Samaki hawa ndio msingi wa maisha ya Wayurok, taifa la wenyeji wa asili, ambao eneo lao la hifadhi ni ukanda wa maili moja kila upande wa mto, kwa kama kilometa 70 kutoka baharini. Haki yao ya kuvua kwa nyavu haikupatikana kirahisi. Raymond Mattz, Myurok aliyenyang'anywa nyavu zake na walinzi wa jimbo, alifikisha kesi yake Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1973 mahakama hiyo ikaamua kwamba ardhi ile bado ni hifadhi ya wenyeji. Kilometa 58 za mizoga za mwaka 2002 zilikuwa zote ndani ya kilometa hizo 70. Juu yao kuna Wakaruk, kwenye Trinity kuna Wahupa, na huko ziwani kuna Klamath Tribes, ambao mabwawa yaliwanyima samoni tangu mwanzoni mwa karne ya 20.

Ziwa moja, wadai watatu

Ili kuelewa Septemba 2002 lazima uanze na mwaka uliotangulia.

Maji ya Upper Klamath yalikuwa na wadai watatu ambao sheria iliwatambua. Wa kwanza ni samaki wawili wa ziwani, C'waam na Koptu kwa lugha ya wenyeji, walioorodheshwa mwaka 1988 kuwa hatarini kutoweka. Hawa wanataka ziwa lisishuke. Wa pili ni samoni aina ya coho, aliyeorodheshwa mwaka 1997, anayetaka maji yateremke mtoni. Wa tatu ni wakulima wenye mikataba na serikali, baadhi yao wajukuu wa askari wastaafu waliogawiwa mashamba hayo baada ya vita. Mwaka wa mvua nzuri wote watatu wanapata. Mwaka 2001 ulikuwa wa ukame mkali, na Aprili serikali ikatangaza kwamba sehemu kubwa ya mradi haitapata maji.

Siwezi kuwapita wakulima hao kimyakimya. Walikuwa na mikopo, mbegu na vibarua, na tangazo lile liliwafikia msimu wa kupanda ukiwa umefika. Mei mwaka huo maelfu ya watu walijipanga mstari mjini Klamath Falls wakapokezana ndoo za maji kutoka ziwani hadi kwenye mfereji mkuu. Julai kuna waliofungua malango ya mfereji kwa nguvu. Hasira yao ilikuwa ya kweli, na ilifika Washington.

Februari 2002 kamati ya National Research Council, chombo cha wanasayansi kinachoishauri serikali ya Marekani, ilitoa ripoti ya awali iliyosema hakuna ushahidi wa kutosha wa kisayansi wa kutaka maji mengi zaidi ziwani au mtoni kuliko yale ya miaka ya 1990. Tarehe 29 Machi, Waziri wa Mambo ya Ndani (wizara ambayo Marekani husimamia ardhi na maji ya serikali), Gale Norton, na Waziri wa Kilimo, Ann Veneman, walikwenda Klamath Falls kufungua malango ya mfereji wenyewe, mbele ya wakulima. Mwaka wenyewe nao ulikuja kuwa wa ukame, lakini safari hii mashamba yalipata maji.

Mtoni mpango ulikuwa tofauti. Serikali iliandaa utaratibu wa miaka kumi, kuanzia 2002, ambao ungempa coho maji yake kwa awamu. Kiwango kamili kingefikiwa miaka miwili ya mwisho tu. Michael Kelly, mwanabiolojia wa idara ya serikali inayosimamia samaki wa baharini, alikuwa kwenye timu iliyotathmini mpango huo. Oktoba 2002 aliwasilisha malalamiko rasmi kwamba kazi ya kitaalamu ilisukumwa ilingane na matokeo yaliyotakiwa. Baadaye aliacha kazi.

Angalia pia sheria yenyewe ilikuwa ikimtazama nani. Coho na samaki wawili wa ziwani ndio waliokuwa kwenye orodha. Chinook hakuwemo. Samaki anayewalisha Wayurok, anayewaleta wavuvi wa mshipi kutoka mbali, na anayevuliwa na maboti ya biashara kuanzia Oregon hadi katikati ya California, hakuwa na mtu aliyelazimika kumuuliza anahitaji nini mwezi wa Septemba. Mimi naona hilo ndilo pengo kubwa kuliko yote katika kisa hiki, na kwenye mabishano ya baadaye lilitajwa mara chache mno.

Septemba yenyewe

Mwezi huo maji yaliyotoka Iron Gate yalikuwa wastani wa futi za ujazo 760 kwa sekunde, sawa na kama meta za ujazo 21.5. Karibu na mdomo wa mto, pamoja na mito yote iliyoingia njiani, zilikuwa kama meta za ujazo 60. Hicho ni kiwango cha chini sana kwa Klamath.

Wakati huohuo samoni walikuja wengi. Walioingia mtoni vuli ile wanakadiriwa kuwa kati ya 160,000 na 170,000, juu ya wastani ingawa si rekodi. Waliingia, wakapanda kidogo, wakakwama. Mikondo ya mawe ilikuwa na kina kifupi, maji yalikuwa na joto, na dalili ambayo samoni huisubiri, yaani mto kufura na kupoa, haikuja. Wakajazana.

Kilichofuata kina majina mawili. La kwanza ni *Ichthyophthirius multifiliis*, kimelea cha seli moja ambacho watu wa fani hukiita ich. Kinajichimbia kwenye ngozi na matamvua ya samaki na kula hapo mpaka kinene. Kikishiba kinajiachia, kinashuka chini, kinajifunga kwenye gamba laini na kujigawa mara nyingi hadi kinatoa watoto mamia. Hao watoto huogelea kutafuta samaki mwingine, nao wana siku moja au mbili tu; wasipompata wanakufa. Kwenye maji ya baridi mzunguko wote unachukua wiki kadhaa, lakini kwenye maji ya nyuzi 20 unaisha ndani ya siku chache. Sasa fikiria mto mpana wenye kasi na samaki waliotawanyika: watoto wengi wa kimelea husombwa bila kumpata mtu. Punguza maji, punguza kasi, wabananishe samaki kwenye kina kimoja, na ugonjwa unasambaa kama mafua kwenye daladala iliyojaa.

Jina la pili ni *Flavobacterium columnare*, bakteria anayeozesha matamvua. Ukifunua shavu la samoni aliyeugua unakuta mabaka ya njano na kahawia mahali palipopaswa kuwa pekundu, na nyama imeliwa. Samaki huyo ana nguvu, ana mafuta, mwili wote mzima, lakini hawezi kupumua. Ndiyo sababu wengi wa waliokufa Klamath walionekana wazuri kabisa kwa nje. Walikuwa bado na rangi ya fedha ya baharini.

Bureau of Reclamation iliongeza maji kutoka Iron Gate mwishoni mwa Septemba, hadi kama futi za ujazo 1,300 kwa sekunde. Kati ya Iron Gate na mahali samaki walipokuwa wakifa pana karibu kilometa 250 za mto, na maji huchukua siku kuzitembea. Yalipofika, kazi ya ugonjwa ilikuwa imekwisha.

Nani au nini kiliua?

Hapa ndipo wachambuzi walipogawanyika, na inafaa kuwapa wote nafasi.

Idara ya California ilipima kila sababu peke yake. Joto la maji halikuwa jambo jipya, maana miaka mingine nayo mto ulikuwa na joto kama hilo. Vimelea hivyo viwili vipo mtoni siku zote. Wingi wa samaki nao peke yake haukutosha: mwaka 2001 waliingia chinook kama 187,000, wengi kuliko 2002, na hawakufa. Uhaba wa maji peke yake haukutosha pia. Mwaka 1991 na 1992 mto ulikuwa na maji machache, lakini samoni waliorudi hawakufika hata 50,000, hivyo nafasi ilikuwepo. Kilichotokea 2002 ni kwamba vyote vilikutana, na idara ikahitimisha kwamba katika mkusanyiko huo kitu ambacho binadamu angeweza kukidhibiti ni mtiririko wa maji. Tazama tena mwaka 2001, mwaka ambao wakulima walinyimwa. Samaki walikuwa wengi zaidi, na Septemba Iron Gate ilikuwa ikitoa takriban futi 1,000 kwa sekunde badala ya 760.

Upande wa pili ulikuwa na hoja ambayo siwezi kuidharau. Iron Gate iko mbali sana, na maji yake yalikuwa kama theluthi moja tu ya yaliyopita kwenye eneo la vifo. Tena hutoka kwenye hifadhi ya maji yenye joto. Kuyaongeza kungeongeza wingi bila kuleta ubaridi. National Research Council, katika ripoti yake ya mwisho, ilikataa kusema kwa uhakika kwamba nyongeza fulani kutoka Iron Gate ingewaokoa, ikaelekeza macho Trinity, ulio karibu zaidi na wenye maji baridi zaidi.

Nimezisoma hoja hizi mbili nikaona hazipingani kama watetezi wake walivyotaka ionekane. Moja inasema mto ulihitaji maji, nyingine inasema maji bora yalikuwa Trinity. Swali linalobaki ni kwa nini Trinity nao ulikuwa mdogo. Jibu ni bwawa jingine. Tangu miaka ya 1960 bwawa la Lewiston limekuwa likiyageuza maji ya Trinity kupitia handaki kwenda bonde la Sacramento, na kwa miongo ya mwanzo hadi asilimia 90 ya maji yaliyofika pale yaliondoka hivyo. Desemba 2000 Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo, Bruce Babbitt, alisaini uamuzi wa kuurudishia mto karibu nusu, lakini mashirika ya maji ya wakulima wa Bonde la Kati la California yakaenda mahakamani, na mwaka 2002 uamuzi ulikuwa bado umefungwa kwenye kesi. Septemba ile Lewiston ilikuwa ikitoa kiwango chake cha kawaida cha kiangazi, futi 450 kwa sekunde. Kwa hiyo samoni wa Klamath ya chini walikuwa wamefungiwa maji na mabwawa ya pande mbili, na idara inayoamua maji ya Lewiston ndiyo ileile inayoamua ya Link River, yaani Bureau of Reclamation.

Siasa zilichunguzwa pia. Mkaguzi mkuu wa Wizara ya Mambo ya Ndani alisema mwaka 2004 kwamba hakukuta ushahidi kuwa Ikulu iliathiri uamuzi. Mwaka 2007 gazeti la Washington Post likaandika kwa kirefu jinsi Makamu wa Rais Dick Cheney alivyoliingilia suala la Klamath yeye mwenyewe. Kwa uchambuzi huu sihitaji kuamua nani alimpigia nani simu, kwa sababu mpango ulioandikwa unatosha. Mwaka 2005 mahakama ya rufaa ya mkoa wa tisa iliutazama na kuona jambo la wazi: coho huishi miaka mitatu. Ukimpunguzia maji kwa miaka minane ukamwahidi kiwango kamili mwaka wa tisa na wa kumi, vizazi vyake vitapita kabla hujatimiza ahadi, na maji yatakapokuja hakutakuwa na samaki wa kuyapokea. Awamu hizo za mwanzo zikatupiliwa mbali.

Gharama iliyosafiri

Hasara haikubaki mtoni. Baharini, samoni wa Klamath huchanganyika na wa mito mingine, na boti haiwezi kuchagua amvue yupi. Sheria za uvuvi wakati huo zilitaka chinook 35,000 wa asili wabaki kutaga Klamath kila mwaka. Samaki waliokufa 2002 hawakutaga, na samoni wachanga wa miaka hiyo nao walishambuliwa na kimelea kingine, *Ceratonova shasta*, kinachostawi kwenye mto uliotulia kupita kiasi chini ya bwawa. Kizazi chao kilipopaswa kurudi, namba haikufika. Mwaka 2006 uvuvi wa samoni wa kibiashara ulibanwa vikali kwenye karibu maili 700 za pwani ya Oregon na California. Wavuvi wa bandari ambazo hazijui hata rangi ya maji ya Klamath walifunga boti zao, na Bunge la Marekani likatenga dola milioni 60 kuwafidia. Tarakimu iliyoandikwa kwenye ofisi ya umwagiliaji miaka minne nyuma ilikuwa na mkono wake katika bei ya samaki Monterey.

Walichojifunza kufanya

Kinachonipa uhakika na hitimisho langu ni yaliyofuata. Vuli ya 2003 samoni walitarajiwa kuwa wengi tena, na safari hii Lewiston ilifunguliwa kabla. Hawakufa. Mwaka 2004 ikafanyika hivyohivyo. Mwaka 2012 waliingia chinook karibu 300,000, wengi kwa zaidi ya laki moja kuliko 2002, kwenye mwaka ambao mto ungekuwa mdogo. Maji yakaongezwa kutoka Trinity kuanzia Agosti, na hakukuwa na vifo vya halaiki.

Taratibu ukajengeka utaratibu wa kweli. Wataalamu wa Yurok na wenzao wa serikali huvua sampuli ya samoni mwishoni mwa kiangazi, hukata upinde mmoja wa matamvua, huuweka chini ya hadubini na kuhesabu vimelea. Kipimo cha mto karibu na bahari kikielekea chini ya futi za ujazo 2,800 kwa sekunde, na samaki wanatarajiwa wengi, maji ya kinga huombwa. Hesabu ya vimelea ikipanda kupita mpaka uliowekwa, huombwa maji ya dharura. Septemba 2014, mwaka wa ukame mbaya, ich alionekana tena kwenye matamvua. Lewiston ikafunguliwa kwa wingi kwa siku kadhaa, na msiba wa 2002 haukujirudia. Wakulima wa Bonde la Kati walishitaki kupinga maji hayo ya vuli. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ikasema idara ina mamlaka ya kuyatoa chini ya sheria ya Trinity ya mwaka 1955.

Tofauti ya 2002 na 2014 haiko kwenye mvua, maana 2014 ilikuwa kavu zaidi. Iko kwenye nani anaulizwa kabla lango halijafungwa. Mwaka 2002 namba ya Septemba ilipangwa kutokana na makadirio ya maji ya ziwa na mahitaji ya mifereji. Mwaka 2014 ilipangwa kutokana na kilichoonekana kwenye shavu la samaki.

Iron Gate sasa haipo. Baada ya makubaliano ya mwaka 2010, marekebisho ya 2016 na idhini ya tume ya nishati mwezi Novemba 2022, mabwawa yote manne ya umeme yalibomolewa, na kazi ikakamilika mwanzoni mwa Oktoba 2024. Tarehe 16 mwezi huohuo chinook alitambuliwa kwenye kijito cha Oregon, juu ya mahali lilipokuwa J.C. Boyle, wa kwanza tangu mwaka 1912. Nafurahi kuandika sentensi hiyo. Lakini mabwawa yale manne hayakuwa yakihifadhi maji ya umwagiliaji. Link River bado lipo, bwawa la Keno bado lipo, na Lewiston bado linageuza maji kuelekea Sacramento. Samoni wenyewe walikuwa wachache kiasi kwamba mwaka 2023 na 2024 uvuvi wao wa baharini ulifungwa kabisa California.

Idadi ikirudi kupanda, na njia ya juu ikiwa wazi, kutakuwa na Septemba nyingine ambayo samaki laki mbili watasimama kwenye mdomo wa Klamath mwaka wa ukame. Siku hiyo maji yatatoka Link River na Lewiston, au hayatatoka. Chinook wa vuli bado hayumo kwenye orodha ya sheria inayolinda viumbe walio hatarini, kwa hiyo hakuna anayelazimika kumpa maji kwa sababu ya orodha hiyo. Maji ya Trinity yameegemea sheria ya 1955 na hukumu moja ya mahakama ya rufaa. Kwa upande wa ziwa, samoni wa vuli hategemei hata hicho: anategemea mahitaji ya coho na haki za mataifa ya wenyeji, na kiwango chake cha Septemba kinapaswa kuandikwa kwenye mpango wa uendeshaji wa Link River kwa jina lake mwenyewe, ukame ujao haujafika.